Pekani za Marekani zitaota Nachingwea, lakini je, zitazaa?

Swali: "Shikamoo bwana shamba. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nachingwea. Nina kiwanja cha nusu eka nje kidogo ya mji, nyumba imeshasimama na nyuma yake kuna eneo tupu. Mdogo wangu anayesoma Marekani alikuja likizo na mfuko wa njugu ndefu zenye ganda la kahawia, zinaitwa pekani. Tumezipenda sana nyumbani, na nimesikia zinafaa kwa moyo. Baba yangu ana presha. Nimebakiza sita ambazo hazijapasuliwa. Nataka kuziotesha nyuma ya nyumba ili baadaye tuwe na zetu. Nizipandeje, na zitachukua miaka mingapi kuzaa? Kama haiwezekani, niambie ukweli, na uniambie nipande nini."

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Umeomba ukweli, basi nauanza nao. Kama pekani zako ni mbichi, hazikukaangwa, zinaweza kuota Nachingwea. Zinaweza hata kukua zikakupita kimo. Kuzaa ndiko sikutegemei. Nitakueleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ukishaielewa utaweza kuupima mti wowote utakaoletewa kutoka mbali. Kisha nitakuomba upande mti mwingine, na najua ukiusikia utashangaa kwamba nimekuzungusha kote huko kukurudisha nyumbani.

Mpekani kwao ni bonde la Mto Mississippi, Texas na kaskazini mwa Mexico. Ni mti wa kandokando ya mito, kwenye udongo wa kina uliolala tope miaka mingi. Unakwenda juu mita 30 na zaidi, na mzizi wake mkuu unapiga chini moja kwa moja. Kule kuna kiangazi cha joto kali, kisha kuna miezi ya baridi ambayo mti unapukutisha majani yote na kubaki mifupa mitupu. Anayeupita wakati huo anaweza kudhani umekufa, kumbe umelala.

Usingizi huo si hiari. Macho ya mti, yale yanayotoa majani na maua, yanajifunga kabisa, na hayafunguki kwa sababu tu joto limerudi. Kwanza lazima yahesabu baridi. Wewe unaandika mahudhurio ya wanafunzi. Mti nao unaandika mahudhurio ya baridi. Kila saa inayopita joto likiwa chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, inahesabiwa. Zikitimia saa mamia kadhaa, kutegemea aina ya mpekani, ndipo macho yanafunguka kwa pamoja: majani, maua dume na maua jike. Zisipotimia, mti unaamka vipandevipande, huku unachipua na kule umelala.

Sasa tazama kipupwe chako cha Nachingwea. Mwezi wa saba, kusi ikivuma, alfajiri unatafuta blanketi na wanafunzi wanakuja shule na masweta. Ni baridi kwetu sisi. Lakini kipimajoto hakikaribii nyuzi 7, si Nachingwea, si Lindi mjini, si hata Newala kule juu uwandani kunakosifika kwa ubaridi. Daftari la mpekani wako litabaki jeupe mwaka hadi mwaka.

Niliwahi kuuona mmoja kwa karibu. Rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini alirudi na mche na kuupanda uani kwake Mtwara mjini, enzi ambazo wengi wetu hatukuwa tukifikiria habari za karantini. Nilikuwa naupitia karibu kila mwezi. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri sana, tukafurahi. Kufikia mwaka wa nne ulikuwa umenipita, lakini haukueleweka. Tawi moja lilikuwa na majani mabichi ya juzi, tawi la pili lilikuwa na majani ya mwaka jana yaliyounguka kingo, tawi la tatu halikuwa na kitu. Kwenye ncha, vijani vilikuwa vidogo mno, vimejikunja na kubanana kama ua la kabichi. Hiyo ilikuwa njaa ya zinki, kirutubisho ambacho mpekani unakihitaji kuliko miti mingi. Tukaupulizia zinki, ukapata nafuu ya majani. Miaka saba, hakuna ua hata moja. Mwenyewe aliukata alipotaka nafasi ya kuweka tangi la maji, na sikuwa na neno la kumzuia.

Hata tungejaaliwa maua, kungekuwa na kikwazo kingine. Mpekani una maua dume na maua jike kwenye mti mmoja, lakini hayakomai kwa wakati mmoja. Kuna aina zinazotangulia kumwaga chavua na ua jike linafuata baadaye. Kuna aina zinazotanguliza ua jike. Ndiyo maana wakulima wake hupanda aina mbili zinazokamilishana, na upepo unafanya kazi ya kusafirisha chavua. Bila baridi ya kuyaamsha pamoja, hata mpango huo unavurugika.

Pengine umeona picha za mashamba ya pekani Afrika Kusini ukajiuliza mbona hiyo nayo ni Afrika. Ni kweli, wenzetu ni wazalishaji wakubwa duniani, hasa jimbo la Northern Cape. Lakini kule usiku wa majira ya baridi maji yanaganda kwenye ndoo, kiangazi kinaunguza, na mashamba yanamwagiliwa kutoka mitoni. Mpekani unataka vyote vitatu: baridi kali, joto kali na maji mengi. Hata nyanda zetu za juu kama Njombe, ambako barafu ya alfajiri inajulikana, baridi ipo lakini joto refu la kujaza kokwa ndilo haba. Kwa hiyo usimtume ndugu wa Njombe akupandie.

Jambo jingine kuhusu hizo mbegu sita, na hili nalisema kwa uzito. Mbegu, miche na vikonyo (vijiti vichanga vinavyokatwa kwenye mti ili viunganishwe na mche mwingine) kutoka nje ya nchi vinahitaji kibali cha kuingizia na cheti cha afya ya mimea kutoka kule vilikotoka. Wanaosimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Si urasimu. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho unaoufahamu, haukuwa tatizo kwa wazee wetu. Uligundulika nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na ulikuta zao tayari linayumba kwa sababu nyingine: watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na bei ilikuwa haivutii. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 ilivuna kama tani 16,500. Nimekua ndani ya miaka hiyo. Nimeona mashamba ya mikorosho yamegeuka msitu, wenyewe wanapita pembeni kwenda kulima muhogo. Ugonjwa mmoja mpya ukiingia, hauondoki na aliyeuleta.

Na wewe unakaa Nachingwea, mahali panapojua habari hii kuliko pengine. Waulize wazee wa hapo kuhusu matrekta ya Waingereza ya mwaka 1947 na ule mradi wa karanga. Walitaka kufyeka mamilioni ya eka Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili yake, na mapema mwaka 1951 serikali yao ikautangaza umeshindikana. Reli ikang'olewa baadaye. Bandari ndiyo imebaki nasi. Karanga si mgeni wa ardhi yetu, bibi zetu walikuwa wakizilima. Kilichokosekana ni mtu wa kuipima mvua na udongo kwanza, eka chache kwa miaka michache, kabla ya kuleta mashine.

Nimefika kwenye mti wangu. Panda mkorosho.

Najua utasema mkorosho ni mti wa shamba, nyumbani hupandwa mwembe na mnazi. Nimeusikia usemi huo miaka yote ya kazi yangu na unaniuma. Mtu anauacha mkorosho porini, anautembelea mwezi wa tisa na gunia, halafu anasema mkorosho haulipi. Ule uangalizi uliokuwa tayari kuupa mti wa Mississippi, yaani kuumwagilia, kuutazama kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kuusomea, ukiupa mkorosho utapata njugu kwenye sahani ya baba yako ndani ya miaka mitatu minne. Na mkorosho nao ulikuwa mgeni: kwao ni kaskazini mashariki mwa Brazil, Wareno wakauleta pwani yetu karne ya 16. Ila huo ulitoka nchi ya joto ukaja nchi ya joto. Hauhesabu baridi. Unachotaka ni msimu mkavu wa kutolea maua, na Mungu ametupa miezi sita ya ukavu.

Kuna kitu kimoja cha pekani ambacho ningependa ukichukue. Kwa karne nyingi watu walikula pekani za porini, kila mti na tabia yake: huu ganda gumu, ule kokwa ndogo. Mbegu ya mti mtamu ikipandwa, mti unaozaliwa haufanani na mama yake. Miaka ya 1840, huko Louisiana, daktari mmoja alikuwa na vikonyo vya mti uliosifika kwa ganda jembamba, akajaribu kuvibebesha, yaani kuviunganisha juu ya miche mingine, akashindwa. Vikonyo vikafika kwa mtumwa mmoja aliyekuwa mtunza bustani kwenye shamba la Oak Alley, jina lake Antoine. Huyo aliweza. Miti aliyoibebesha ilizaa njugu zilizofanana, na mwaka 1876 zikapata tuzo kwenye maonesho makubwa ya Philadelphia, zikapewa jina la Centennial. Kilimo cha pekani kinachoingiza fedha leo kimesimama juu ya mikono ya mtu ambaye jina lake la pili halikuandikwa popote. Kila nikiwafundisha vijana kubebesha huwa namtaja.

Kwa mkorosho ni vilevile. Usiokote korosho chini ya mti wa jirani ukaifukia, hata kama jirani ana mti mzuri. Pata mche uliobebeshwa kutoka kitalu kinachoaminika. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, pale Mtwara, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, na kina bustani za vikonyo vya aina zilizochaguliwa kwa kuzaa sana, kokwa kubwa na kuvumilia magonjwa. Afisa kilimo wa halmashauri yako anajua ni vitalu gani wilayani vinachukua vikonyo kutoka huko. Chagua aina mbili au tatu tofauti. Si lazima kwa uchavushaji kama pekani, maana ua la mkorosho linachavushwa na wadudu na mti mmoja unaweza kuzaa peke yake. Ni kinga tu, ugonjwa ukipenda aina moja nyingine ibaki.

Ukifika kitaluni, inama uangalie. Karibu shubiri moja juu ya udongo utaona kovu: hapo ndipo mche wa chini ulipokatwa kichwa, ukapasuliwa katikati, na kikonyo kilichochongwa kama kabari kikaingizwa, kikafungwa nailoni. Vijana wetu wanavifunika juu kwa vile vifuko vyembamba vya kugandishia barafu, ili kikonyo kisikauke kabla hakijashikana. Kovu zuri limeziba pande zote, na ukiligusa kwa kidole husikii ufa. Kama nailoni bado imefungwa na imeanza kuuma gome, iondoe taratibu. Kama mche una majani mazuri yanayotoka chini ya kovu, usiununue: hayo ni ya mti wa chini, na ndiyo yatakayokua.

Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Nafasi ya mkorosho ni mita 12 kwa 12, na usishawishike kuibana. Ukitoa nyumba, choo, njia na bustani ya mboga, utabaki na nafasi ya mikorosho sita au saba. Inatosha kabisa. Usisogee karibu ya mita 8 na ukuta wa nyumba, kwa kuwa mkorosho hupanuka pembeni kuliko unavyokwenda juu. Pia usiupande kwenye bonde linalotuama maji. Kama sehemu ya kiwanja chako ina ule udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, hapo weka migomba. Mkorosho uweke kwenye udongo mwekundu au wa kichanga.

Mashimo yachimbwe mapema, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, sentimeta 60 kila upande na kina hichohicho. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini uweke kushoto. Udongo wa juu uuchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu kali. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kualika mchwa. Rudisha mchanganyiko huo shimoni, acha ushuke wenyewe, weka kijiti katikati. Mvua zikishika, ardhi ikalowa mpaka chini, ndipo upande. Kwa Nachingwea mara nyingi ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Chana kiriba uondoe plastiki yote. Nimefukua miche mingi iliyodumaa nikakuta kiriba bado kimeubana mzizi kama soksi. Kovu la kubebesha libaki juu ya udongo, wazi.

Mwaka wa kwanza ndio wenye kazi. Ondoa kila chipukizi linalotoka chini ya kovu. Mche uliobebeshwa huwa na haraka, unaweza kutoa maua ukiwa bado unafika magotini. Yakate, ingawa roho inauma. Zungushia majani makavu shinani ila yasiguse shina. Kiangazi cha kwanza mpe kila mche ndoo moja ya maji kwa wiki, jioni. Kati ya mistari panda kunde, karanga, njugumawe au choroko. Unapopalilia hizo, unakuwa umepalilia na mikorosho. Ufuta pia unafaa, lakini uache mita moja kuzunguka mche. Mbuzi ni adui mkubwa kuliko ugonjwa wowote katika miaka miwili ya kwanza, basi weka uzio wa miiba.

Kuanzia mwaka wa pili anza kupogolea. Matawi ya chini kabisa yaondoke polepole mpaka shina liwe wazi karibu mita moja, uweze kuinama na kuokota. Pogolea baada ya mavuno, kabla machipukizi mapya hayajaanza, na utumie msumeno wenye meno makali, usikate kwa panga. Tawi lililochanwa na panga ni mlango wa wadudu wanaotoboa shina. Ukiona gundi inatoka shinani na imechanganyika na unga kama wa mbao, usingoje. Kuna kiluwiluwi ndani. Mtafute kwa kisu na waya mpaka umpate.

Ubwiriunga utaujua asubuhi. Mwezi wa sita au wa saba, umande bado haujakauka, shika kikonyo cha maua kichanga ukigeuze kuelekea jua. Kikiwa kizima utaona rangi ya kijani inayoelekea wekundu. Kikiwa na ugonjwa utaona kama mtu amekipitishia kidole chenye unga wa muhogo, mwepesi sana, kwenye vikonyo na kwenye vifuko vya maua ambayo hayajafunguka. Baada ya siku chache vifuko hivyo hugeuka kahawia na kupukutika, na ua lililopukutika limekwenda na korosho yake. Dawa hupulizwa maua yanapoanza kuchomoza, kabla unga haujatanda, kisha hurudiwa. Mashambani wengi wanatumia salfa ya unga, robo kilo kwa mti mkubwa, kila wiki mbili, alfajiri yenye umande. Kwa uani kwako sikushauri salfa ya unga. Inaingia madirishani, inakaa kwenye tangi na kwenye nguo za kamba, na baba yako hatapumua vizuri. Tumia dawa ya maji iliyosajiliwa kwa mikorosho, kwa kipimo cha kwenye lebo, asubuhi upepo ukiwa umetulia, ukiwa umefunika mdomo na pua, watoto na kuku wakiwa upande wa pili wa nyumba. Kwa miti sita bomba la mgongoni linatosha. Njia nyingine ya kupunguza ugonjwa haina gharama: machipukizi yanayochipua ndani ya mti, kivulini, mwezi wa tano na wa sita, ndiyo yanayoulea ukungu kabla maua hayajatoka. Yapunguze.

Kuhusu mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi na kuyaachia madoa meusi yanayokauka, una rafiki ambaye watu wengi humchoma moto. Ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanawinda mchana kutwa, na mti wenye maji moto wengi huwa na mbu wachache. Kwenye mwembe wanakera, kwa sababu lazima upande uchume. Kwenye mkorosho huna haja ya kupanda, korosho inaanguka yenyewe. Ukiwaona, waache.

Na hilo ndilo la kushika wakati wa mavuno: okota, usitingishe. Korosho ikikomaa bibo linaanguka nayo. Safisha chini ya mti kabla ya mwezi wa tisa, okota kila siku au siku ya pili, tenganisha korosho na bibo kwa kuizungusha bila kuacha nyama, kisha ianike juani siku mbili tatu. Ikikauka sawasawa, ukiitikisa sikioni utasikia inacheza ndani, na ukucha haupenyi gandani. Mabibo usiyatupe. Yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Kamua juisi siku hiyohiyo, au uyakaushe yawe kochoko, yaani mabibo makavu, watoto wale mpaka masika.

Pekani unaipasua kwa mkono na kula. Korosho haikubali hivyo, na hapa nakuomba uwe mkali kwa watoto. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Kaanga nje, mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni mwako, kwenye sufuria kuukuu iliyotobolewa matundu, ukigeuza kwa mti mrefu mpaka zitoe mafuta na kushika moto. Zimwage kwenye mchanga au majivu, zifunike zizime na mafuta yanyonywe. Zikipoa, paka majivu mikononi, bangua kwa kigongo, ukigonga kwenye mgongo wa korosho. Kilo nne mpaka tano za korosho ghafi zinatoa karibu kilo moja iliyobanguliwa, basi usikate tamaa ukiona gunia limeisha na bakuli halijajaa.

Baba yako hatakosa kitu. Gramu 100 za pekani zina mafuta gramu 70 hivi na protini gramu 9. Korosho kiasi hichohicho ina mafuta gramu 44 na protini gramu 18, na ina magnesi zaidi ya mara mbili. Mafuta ya zote mbili kwa sehemu kubwa ni yale yasiyodhuru moyo. Sharti mzee ale zisizo na chumvi, kiganja kimoja kwa siku, na dawa zake za presha aendelee nazo kama daktari alivyomwandikia. Korosho si dawa.

Zimebaki zile pekani sita mezani kwako. Zitazame moja moja kwenye mwanga. Ukiona tundu dogo la duara, kama limetobolewa kwa msumari, ndani alikuwemo mdudu wa kwao. Hiyo usiipasue, itie jikoni iungue. Nyingine zipasue mle pamoja na mzee, kisha maganda yote yaingie kwenye moto uleule. Halafu chukua kamba ya mita 12, mwite mtu akushikie upande wa pili, mkapime mashimo.